Alichokiona Zuhura Kwenye Kompyuta Yetu

Alkhamisi, Julai 2007

Baridi ya kusi imepiga tangu alfajiri, mpaka ofisini nilikaa na sweta juu ya baibui kama mgonjwa. Sasa niko nyumbani, nnaandika haraka. Nassor kenda kusali Magharibi na umeme wa siku hizi hauaminiki. Majina yote nimeyabadilisha. Mengine yote yako kama yalivyokuwa.

Nna wivu.

Nimeona bora niliandike neno lenyewe kwanza, kwa sababu tangu Jumanne nauita kwa majina mengine: uchovu, mafua, wasiwasi wa biashara.

Mimi na mume wangu Nassor tuna kampuni ndogo ya kutembeza wageni. Ofisi yetu ni chumba kimoja hapa Mji Mkongwe. Wageni hutuandikia barua pepe kutoka kwao, nasi tunawapangia hoteli, mashamba ya viungo na safari za pwani. Miezi ya karibuni wakawa wanaandika mara moja, tunawajibu, kisha kimya. Tukasema msimu mbaya. Halafu rafiki yetu anayefanya kazi hoteli moja ya Uroa akatupigia simu: "Wageni wenu wale Wataliana wako hapa, lakini wameletwa na kampuni nyengine. Wanasema walikuandikieni nyinyi, wakajibiwa na hao, tena kwa bei ya chini."

Kumbe kulikuwa na mtu anasoma barua zetu.

Nassor akasema atamwita mtaalamu kutoka Dar es Salaam, mtu ambaye kazi yake ni kuchunguza kompyuta za makampuni yaliyoibiwa. Nilitarajia mwanamme mwenye mvi. Jumanne akashuka botini mwanamke wa rika langu, mtoto wa hapa hapa mjini, kasoma Malaysia, miwani ya fremu nyembamba, ananukia udi. Jina lake Zuhura.

Ofisini Nassor alikuwa tayari kubonyeza kitufe cha kompyuta amwonyeshe. Zuhura akamwahi. "Usiiwashe, kaka Nassor. Kila ukiiwasha inaandika mambo mapya juu ya ya zamani. Unamfutia mwizi nyayo zake."

Nassor akaurudisha mkono kama aliyegusa pasi ya moto. Mimi tangu tununue kompyuta ile namwambia asiweke kikombe cha chai pembeni yake, hajanisikia hata mara moja.

Zuhura alifungua kompyuta, akaitoa diski, akaiunganisha na kidude ambacho, alisema, kinaruhusu kusoma tu, hakiruhusu kuandika. Akatoa nakala nzima ya kila kilichomo, kisha diski yenyewe akaitia ndani ya mfuko, akaufunga kwa utepe, akatutaka sote wawili tutie saini juu ya utepe. "Nitafanya kazi kwenye nakala. Hii hapana mtu kuigusa. Mkifika mahakamani, jambo la kwanza mtakaloulizwa ni nani aliyeishika."

Nikamuuliza, kwa kutaka kujua tu, kama vitu vilivyofutwa vinaweza kurudi.

"Vingi hurudi, da Asya. Kufuta ni kuondoa jina mlangoni. Mwenye nyumba mara nyingi bado yumo ndani."

Nilimtazama Nassor. Kahawa ilikuwa njiani kwenda mdomoni, ikasita hapo.

Kuanzia dakika ile sikuwa na raha.

Jana nilikaa nyuma ya Zuhura nikijidai napanga vocha za hoteli. Majina ya mafaili yanapita kwenye kioo cha kompyuta yake, naye anayasoma bila haraka. Mara akasimama. Akasoma mstari, akasoma na wa pili, akafunga.

"Nini hicho?" nikauliza.

"Mambo yasiyohusu wizi."

"Ya nani?"

"Da Asya, mimi nimeitwa kwa ajili ya wizi." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio ulioniumiza zaidi.

Mchana nilimchukua nyumbani nikampikia wali wa nazi na samaki changu wa kukaanga. Nakiri haukuwa ukarimu. Nilimzunguka huku na huku, nikamsifu Nassor ili nione uso wake utafanya nini. Haukufanya kitu. Alikula, akashukuru, akaomba mapishi ya achari. Nikawa namtazama vidole vyake nikifikiri: nimeolewa na mwanamme huyu, nimemzalia, najua anavyokoroma akilala chali, na mgeni huyu kakaa na kompyuta yetu jana na leo tu, keshajua jambo juu yake nisilolijua mimi.

Na Nassor naye! Kahawa anampelekea mwenyewe. Halua anamkatia mwenyewe. Kumbe hakuwa anamtongoza. Alikuwa anamwogopa. Hilo nimelifahamu leo.

Asubuhi Zuhura alitueleza alichokipata. Ndani ya sanduku letu la barua paliwekwa agizo: kila barua ya mgeni ikiingia, nakala yake iende kimya kimya kwenye anuani nyengine. Agizo liliwekwa kutoka kwenye kompyuta yetu wenyewe, siku tuliyokwenda Mkokotoni kwenye mazishi ya shangazi yangu.

"Kompyuta inaniambia siku, saa na neno la siri lililotumika," alisema. "Haiwezi kuniambia vidole vilikuwa vya nani. Hilo nyinyi ndio mnaolijua."

Tulilijua. Siku ile ofisi tulimwachia Hakim, karani wetu, ambaye baadaye aliaga akisema anakwenda kupumzika. Neno la siri hatukulibadilisha alipoondoka. Nassor akampigia simu. Hakim alisikia salamu, akasikia neno "kompyuta", akakata. Ripoti ya Zuhura tumeipeleka polisi pamoja na ule mfuko wa diski.

Nilimsindikiza Zuhura bandarini. Nikashindwa kujizuia. "Zuhura, niambie. Ulichokiona jana, ni mwanamke?"

Akashusha mkoba wake. "Muulize mwenyewe, da Asya. Mimi nikikwambia, utatuchukia sote wawili."

Sikumwambia kwamba yeye nilikuwa nshamchukia.

Baada ya Alasiri nilimkuta Nassor amekaa roshani. "Zuhura kaona nini kwenye kompyuta?"

Alinigeukia polepole. "Hakukwambia?"

"Hakuniambia kitu."

"Na mimi tangu jana nnakuangalia uso, nnasema huyu keshajua, ananingoja niseme."

Akasema. Binamu yake wa Maskati kamtafutia kazi kwenye kampuni yake. Biashara ilipoanza kufa, Nassor alimwandikia kwamba atakwenda, peke yake kwanza, sisi baadaye. Barua zote akazifuta nisizione.

"Si mwanamke," alisema. "Wallahi, Asya, si mwanamke."

Nakiri nilipumua. Kisha nikamwona kwa mawazo kwenye kiwanja cha ndege na sanduku lake, na mimi na watoto nyuma ya kioo, na ile pumzi ikarudi ndani.

"Sasa tushajua biashara haikufa, iliibiwa," nikamwambia. "Umeshamwandikia binamu yako kwamba huendi?"

Alitazama chini, watu wanapita njiani.

"Bado."

Nikakusanya vikombe nikaingia ndani.

Nassor anapanda ngazi sasa, namsikia. Wivu wa Zuhura umepoa. Uliobaki ni wa Maskati, mji ambao sijapata kuuona, na mji siwezi kuupikia wali nikaupeleleza. Kesho Ijumaa tunafunga ofisi mapema. Tutakwenda kwenye mkahawa wa intaneti, maana kompyuta yetu haina diski, nami nitavuta kiti nikae ubavuni pake, naye amwandikie binamu yake jibu mbele yangu, nikisoma kila neno.

Na akiandika kwamba anakwenda?