Samli Niliyoila Kasigau

Voi, Jumanne, Septemba 1976

Na nililamba mpaka vidole.

Nilikwenda Kasigau na fomu za ofisi, kuuliza kila nyumba inapikia mafuta gani: samli, mafuta ya nyama, au ya mkebe kutoka dukani. Mama Mghoi akaniambia, "Kula kwanza mwanangu, hizo karatasi hazikimbii." Akaniletea ugali na kunde, samli inang'aa juu. Nikala. Nikaandika: samli, ipo.

Zizi nililiona tupu wakati naingia. Kiangazi kimemaliza ng'ombe wote kule, na bado sikuuliza hiyo samli imetoka wapi. Mjinga mimi.

Nikiwa mlangoni naaga, nikamsikia bintiye Mghoi jikoni, na tumbo lake la miezi minane, akitikisa kibuyu kitupu cha samli.

"Mama, si ulisema hii ni yangu nikijifungua?"

"Nyamaza, mgeni atasikia."

Nikainama, nikajifanya nafunga viatu.

Fomu iko hapa mezani. Mkubwa atafurahi kusoma kwamba Kasigau samli bado ipo. Nimeshika kifutio tangu jioni, lakini nifute niandike nini? Hakuna nafasi ya kuandika kwamba ilikuwepo mpaka nilipofika mimi.