Chupa ya Alizeti Ikae Mbele

Neema, mke mwenzangu, huku Kintinku hatujambo. Mama yako anaandika, mimi bibi yako nasema tu. Yule mbuzi mweupe kazaa mapacha!

Umeuliza kama mama mkwe wako atakucheka ukizungushia bustani chupa. Mimi nilipoolewa niliokota za bia kilabuni, nikazichimbia midomo chini kuzunguka mchicha, mvua isibebe udongo. Mama mkwe wangu, mtu wa kanisa, akapiga kelele: "We binti! Watu watasema tumezinywa sisi!"

Nililia, nikajua atazing'oa. Asubuhi namkuta kapiga magoti, anachimbia chupa yake ya mafuta ya alizeti.

"Hii ikae mbele," akasema, "wapitao waione kwanza."

Mwenyewe hayupo tena duniani, ila chupa ipo, nikipalilia naipangusa. Na wewe, muombe mama mkwe wako chupa moja.