Skani Ambazo Hatukuomba

Jumatano. Jua limekuwa kali tangu asubuhi, na upepo wa hapa Kathonzweni umepeleka vumbi mpaka ndani ya kabati la vikombe. Sijali. Nimekaa jikoni naandika haraka kabla aibu haijanirudia.

Leo nimezungumza.

Wanaonijua wataelewa. Shuleni mwalimu akiuliza swali nilikuwa naangalia viatu vyangu, hata kama jibu nalijua. Nimemaliza kidato cha nne na tabia hiyo nimetoka nayo. Nikiambiwa nitasoma andiko kanisani Jumapili, tangu Ijumaa natafuta mtu wa kusoma badala yangu.

Nieleze tangu mwanzo. Mama alikuta uvimbe mdogo kwenye titi la kushoto akiwa anaoga. Akapigwa picha ya titi na ultrasaundi ya kwapa, kisha wakatoa kipande kwa sindano kikapelekwa maabara. Ikawa ni saratani, lakini hatua ya kwanza, na kwapani hawakuona kitu. Daktari akampa siku ya upasuaji, Jumatatu ijayo.

Ndipo mjomba akaingia.

Mjomba Muthiani ni kaka ya mama. Ana hoteli ya kulisha madereva wa malori kule Mtito Andei, na sijui mtu anayempenda mama kumshinda. Mpishi wake aliumwa mgongo muda mrefu, na alipopimwa wakakuta saratani ya titi imeshafika kwenye mifupa. Alipofariki, mjomba ndiye aliyesimamia mazishi. Kwa hivyo aliposikia habari za mama aliamua upasuaji usubiri, mama apelekwe Nairobi kwanza apigwe skani ya mwili mzima, ya mifupa na ya kichwa. Gari alishatafuta. Watu wa kanisa alishawaambia waombee safari.

Jumatatu ingepita hivyo, na hakuna aliyejua siku nyingine ya upasuaji ingepatikana lini.

Mama hakutaka kumuudhi kaka yake. Baba yuko kazini Mombasa, na kwa simu alisema tu tumsikize daktari. Lakini daktari hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kliniki ya leo ndiyo iliyokuwa nafasi ya mwisho, na mama alikuwa amekubali kuomba skani zote.

Hata mimi nilizitaka zote. Kama kuna mashine inayoona kila mahali, mtu anaikataaje? Lakini tukiwa kwenye foleni, nikimwangalia mama anavyokunja na kukunjua leso yake, kuna swali lilinijia na likakataa kuondoka.

Daktari ni mama wa makamo, mpole, ila ana haraka. Mama akamwambia, "Kaka yangu anataka nipigwe skani zote kabla ya upasuaji."

"Na wewe mwenyewe unataka?"

Mama akaniangalia. Siku zote yeye ndiye hunisemea mimi. Leo macho yake yalikuwa yanauliza.

"Hizo skani," nikasema, "zitabadilisha nini?"

"Sijakusikia, mami. Rudia."

Kurudia ndiko kulikokuwa kugumu. Nilishika ukingo wa meza. "Mama akipigwa hizo skani sasa, zitabadilisha nini kwa matibabu yake?"

Daktari akaweka kalamu chini. Haraka yake ikaisha.

Alisema kwa mtu mwenye uvimbe mdogo hivi, ambaye kwapa ni safi na hana dalili nyingine, ni nadra sana skani hizo kukuta saratani mahali pengine. Kitu zinachokuta mara nyingi ni vivuli, kovu la zamani la mapafu au uvimbe wa ini usio na madhara. Kivuli kikionekana lazima kifuatwe kwa kipimo kingine, pengine na sindano nyingine, na muda wote huo saratani tunayoijua imekaa tu ikisubiri. Kisha akamuuliza mama kama ana maumivu ya mifupa, kama anakosa pumzi, kama amepungua mwili.

"Sina," mama akasema.

"Mgongo," nikasema mimi.

Mama alinigeukia kama nimemchoma mwiba. Lakini ni kweli, jioni huwa anajishika mgongo. Nilijua pengine naomba ile ile skani ya mifupa, na sikutaka. Ila sikuona faida ya kuuliza swali zuri halafu tumfiche daktari jibu.

Daktari alimpapasa uti wa mgongo kote, akaangalia majibu ya vipimo vya damu vya mwanzo, akauliza maswali mengi. Mgongo unauma siku ya palizi na asubuhi umepoa, na ni hivyo tangu nikiwa mdogo. Akasema huo ni mgongo wa jembe. Maumivu mapya, yanayozidi, yanayomwamsha mtu usingizini, hayo turudi nayo bila kungoja, na hapo yeye mwenyewe ataandika skani.

"Lakini kuna picha moja naitaka," akasema. Siku ya ile picha ya kwanza, mashine ilikuwa imegoma kabla ya kufika titi la kulia. Akaandika ipigwe leo leo. Tulingoja. Titi la kulia ni safi.

Tulirudi tukamkuta mjomba ameketi barazani, kofia gotini.

"Barua ya skani mmepewa?"

Mama akasema, "Muulize Syombua."

Nilipewa jina la marehemu nyanya, mama yao. Kwa desturi yetu, mama na mjomba huniita mwaitu, yaani mama yangu. Mjomba hupenda kunitania nalo. "Mama yangu alikuwa anasema mpaka kuku wanaondoka," huniambia. "Wewe jina lake ulilipata wapi?"

Leo nilisimama mbele yake nikamweleza yote. Alikunja uso. "Kwa hivyo tukae tu bila kuangalia?"

Nikakumbuka magunia.

"Mjomba, unakumbuka ndengu zetu?"

Mwaka juzi tulihifadhi ndengu kwenye yale magunia yasiyopitisha hewa. Moja likatobolewa na panya, wadudu wakaingia. Mjomba alikuwa amekuja kututembelea, na kwa huruma yake akafungua magunia yote kukagua. Mengine yote yalikuwa mazima. Aliyafunga vibaya, hewa ikaingia, na tulipokwenda kuchota tulikuta unga na wadudu.

"Uliyafungua kwa sababu unatupenda," nikamwambia. "Gunia la mama lililotobolewa tunalijua. Lishughulikiwe hilo Jumatatu. Mengine tusiyafungue bila sababu. Sababu ikija, mimi ndiye nitakayekuja kukuomba gari."

Mama alikuwa anaangalia mbali, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Hizo ndengu mtaniimbia mpaka lini?" mjomba akasema. Kisha akajifuta macho kwa kofia yake, na haikuwa kicheko peke yake. "Nilimzika yule mpishi wangu, Syombua. Naogopa."

"Hata sisi," nikasema.

Akatoa simu akampigia mwenye gari. Nilimsikia vizuri. "Ile safari ya Nairobi haipo. Jumatatu tunampeleka dada yangu hospitali ya hapa karibu, mjini Wote." Huyo mtu lazima aliuliza kwa nini, kwa sababu mjomba alijinyoosha kwenye kiti akajibu, "Mama yangu amekataa."

Hakuwa anatania.

Mama sasa yuko nje anaanika leso za kubeba Jumatatu. Bado naogopa siku hiyo, lakini nimeshajua nitakachomuuliza daktari akitoka chumba cha upasuaji: kama ameitoa yote. Nitakisema kwa sauti, asiniambie nirudie.