Wifi na Jani la Malkia

Nosim, nina hasira! Wifi yangu Tabea amenidhalilisha mbele ya kikundi chetu chote cha kusoma, sebuleni kwangu, hapahapa Njiro!

Si unakijua kile kitabu cha malkia wachawi wa Meru, enzi za Mjerumani? Nikasema nililia pale malkia anapompelekea mke mwenzake jani la isale kumwomba msamaha.

Tabea akacheka. Akacheka, Nosim! "Malkia mzima anaomba radhi kwa jani? Huo ujinga wa bibi zenu wa kijijini Akheri."

Bibi zenu! Na bibi yangu amekaa palepale, kikombe cha chai mkononi!

Wengine wakaanza kubishana, huyu anasema malkia mwoga, yule anasema jasiri. Mimi sisikii kitu. Nikamwambia Tabea, toka kwangu.

Sasa hivi nafungua geti, namkuta amesimama nje, kichwa chini. Mkononi ana jani la isale, amelifunga fundo. Amelichuma kwenye ua wa jirani yangu!

Kwa mila yetu jani la isale halikataliwi, na anajua! Hasira zangu nizipeleke wapi? Bibi ameshammiminia chai.