Gundi Uliyoizidisha kwenye Gari la Baba

Dada yangu Zainabu,

Nakuandikia kwa sababu huko Maskati simu yako unapewa Ijumaa tu, na Ijumaa Mama huimaliza kwa kulia. Nina jambo linalohitaji nafasi kuliko hiyo.

Unaikumbuka siku ile kabla hujaondoka? Pikapu ya Baba ilikuwa uani, boneti juu. Mgosi Mhando, fundi aliyekupa spana wakati gereji nyingine zote zilikucheka, alikuwa amekwisha kufunga turbo aliyomtafutia Baba. Alikuachia umalizie bomba la chini, la kurudishia oili, akaenda kuswali Alasiri. Mimi nilishika kitambaa. Ulinionyesha turbo yenyewe, kile kikonokono cha chuma kinachoisukumia injini hewa, ukaniambia: "Oili ya kwenda inasukumwa na pampu. Ya kurudi haisukumwi na mtu, inashuka yenyewe. Ndiyo maana njia ya kurudi ni pana." Kisha ukaminya gundi ya gasketi kuzunguka mdomo wa bomba, ukaongeza, ukaongeza tena. Macho yako yalikuwa mekundu. Nilikuuliza mbona nyingi.

"Lisije likavuja na mimi sipo," ulisema.

Halikuvuja, Dada. Ila gari lilianza kutoa moshi wa buluu, mzito, hasa likiwa limesimama linanguruma. Mtaa wetu wote wa Nguvumali ulimcheka Baba. Wauza samaki walimwita Mfukiza Ubani. Naye akaamini kwamba Mgosi Mhando alimfungia turbo iliyokufa, akamwambia hivyo gerejini mbele ya watu. Mgosi aliomba alifungue alitazame. "Hutaligusa tena gari langu," Baba alimjibu. Toka hapo gari likakaa uani, na wateja wa Mgosi wakaanza kumpita bila hata salamu.

Nasi tukakaa pamoja na gari. Baba, aliyekuwa akipeleka mizigo Pangani hadi Mkwaja, alishinda barazani akilitazama geti. Kwa kuwa yeye haendi popote, hakupenda na sisi twende. Nikitoka shule nilitakiwa niingie ndani, na geti lifungwe nyuma yangu. Nilipomwambia kwamba nikimaliza kidato cha nne nataka chuo cha ufundi, kile kile ulichosoma wewe, hakupandisha hata sauti.

"Chuo hicho kilimpa dada yako spana, kazi hakikumpa. Sasa anafua nguo za watu ng'ambo. Weye utabaki hapa."

Nilibaki. Nilisoma vitabu vyangu nikiwa nimeegemea tairi la gari lisilokwenda, na mara nyingine nilihisi hewa ya ua ule imekwisha.

Mwezi uliopita Baba alikwenda kuzika Tongoni. Nilimwomba Mama ruhusa ya kufungua boneti.

"Fungua," alisema. "Lakini likiharibika, mimi nilikuwa jikoni."

Nilianza kwenye njia ya kuingilia, kama ulivyonifundisha, maana watu wakiona moshi hukimbilia kuilaumu turbo. Nililegeza bomba dogo la juu, nikakinga kopo, Mama akazungusha ufunguo kidogo tu. Oili ikaja safi, kwa nguvu. Nikatoa mpira wa hewa na kukigusa chuma cha katikati kwa kidole. Kilizunguka laini, bila kuchezacheza. Turbo ilikuwa nzima! Bomba la kupumulia la injini nalo halikuwa limeziba. Ilibaki njia ya kurudi. Nikajilaza chini ya gari, nikafungua boliti, na mdomoni mwa bomba nikakuta ulimi wa gundi umeziba zaidi ya nusu ya tundu. Oili ilikuwa ikiingia, ikakosa pa kushukia, ikapenya kwenye sili, zile pete zinazoizuia, hadi kwenye bomba la moshi na kuungua huko.

Niliushika ulimi ule nikiwa nimelala pale pale, na sikufurahi hata kidogo. Nilijua ni gundi ya nani. Nikisafisha na kufunga kimya kimya, Mgosi Mhando atabaki tapeli midomoni mwa mtaa mzima. Nikisema kweli, nampa Baba sababu ya mwisho ya kunifungia geti. Sikuona pa kupita. Nikakulilia kidogo, Dada, maana nilikumbuka macho yako mekundu ya siku ile.

Baba aliporudi nilimwamkia, nikamwekea gundi kwenye kisosi, nikamweleza yote.

"Bomba hili lilifungwa na nani?"

"Dada."

Alikisukuma kisosi kando. "Unaona sasa?"

"Naona, Baba. Lakini kosa lake nimeliona kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha pa kutazama."

Asubuhi alivaa kanzu, akaniambia nimfuate gerejini. Mbele ya watu wale wale alimwomba Mgosi radhi. Mgosi aliigeuza ile gundi mkononi.

"Zainabu huyu! Nilimwambia gundi si siagi ya mkate!"

Wote walicheka isipokuwa Baba. Mgosi akaja nyumbani na gasketi mpya, akanikabidhi spana. "Funga weye. Jina langu limeteseka na gari hili vya kutosha."

Nikafunga. Moshi uliendelea mpaka oili iliyobaki kwenye bomba la moshi ikaungua yote, kisha ukakoma.

Nilimwambia Baba asizime gari ghafla akitoka safari, aliache lingurume kidogo ili oili iendelee kuipoza turbo. Anatii. Jana alirudi kutoka Mkwaja, akakaa ndani ya gari likinguruma, mimi nikifunga geti. Akateremsha kioo.

"Hicho chuo chenu," aliuliza, "kinafungua mwezi gani?"

"Januari, Baba."

Akazima gari, akaingia ndani. Hakusema ndiyo.

Kwa hiyo bado niko humu uani, Dada. Ijumaa ukipewa simu, usimsihi Baba wala usiniombee. Mwambie tu kwa kinywa chako kwamba gundi ilikuwa yako. La chuo niachie mimi. Mwezi ameshauuliza.

Mungu akutunze huko uliko.

Ni mimi, mdogo wako