Kofia Inayosoma ya Baba Pauline

Mwaka umeshazunguka, Baba Pauline, tangu utoke kwako Kachibora kwenda hospitali, ukarudishwa umelala.

Ulikuwa fundi wa redio na simu pale Kipsongo, Kitale, tena mpole. Mtu akileta simu iliyokanyagwa na baiskeli hukumcheka. Ulisema tu, "Hebu tuiulize inaumwa wapi."

Huku Matulo, mama mkwe wako Nasike ndiye anayekukumbuka kupita wote. Kwa desturi hamkusalimiana kwa mkono, na jina lako halikupita mdomoni mwake hata siku moja. Lakini vitendawili alikutegea, yeye jikoni, wewe sebuleni, mkeo Wilkista akibeba maneno katikati.

Macho yake yalipozimika, aliacha kuongoza nyimbo kanisani. Kitabu cha nyimbo kikawa cha kupakatwa tu. Ndipo ukashona kamera ndogo mbele ya kofia, waya ukashuka hadi kwenye simu kuukuu kifuani, na sauti ikapanda sikioni. Kichwa cha mama mkwe hakishikwi, basi kofia ukaipimia kwenye malenge.

Malenge nayo haina paji la uso. Siku ya kwanza kofia ilitazama ukutani, ikamsomea kalenda ya duka la Surinder. Mama akauliza, "Wilkista, huu ni wimbo gani wa mabati na misumari?" Ulicheka huko nje mpaka kuku wakatawanyika, kisha ukaagiza ukingo ukunjwe kidogo.

Ubeti wote ukamwingia sikioni. Akafunua ukurasa mwingine, na mwingine tena, ugali ukapoa. Mwishowe akasema polepole, "Mungu alimpa mtu huyu vidole vya namna gani?"

Halafu akakutegea: kinaona bila macho, kinasema bila mdomo. Ukajifanya umeshindwa, ukampa mji, Bungoma yote.

Juzi tulikuja kaburini kwako. Mama alivaa kofia, akasimama mbele ya msalaba, akainamisha kichwa. Kofia ikamsomea jina ambalo hajawahi kulitaja. Kisha akalisema mwenyewe, kwa sauti, mbele yetu sote.

"Wekoye."

Hakuna aliyemkataza.

Tunaokukumbuka: mkeo Wilkista, binti yako Pauline, shemeji yako Mukhwana, na mama mkwe wako Nasike, ambaye kofia imemsomea maneno haya kabla hayajaenda gazetini. Ameyakubali yote.

Hutasahaulika kwetu kamwe.