Boya Nililolinyamazia

Jumatano, 7 Agosti 2024
Mimi mwenyekiti wa BMU! Kura wamezihesabu mara mbili, sijaamini hata mara moja. Kamati hii ya ufuo hapa Songo Mnara haijawahi kuongozwa na mwanamke. Mimi nilizoea kumwandikia katibu waliyosema wengine, basi. Wamenichagua kwa kuwa naweza? Au kwa kuwa tunafunga mwamba miezi mitatu ili pweza wakue, na hakuna mwanamume anayetaka kubeba lawama? Sijui. Shangazi Mwahija, aliyenilea, kapiga vigelegele mpaka akakohoa.

Jumanne, 13 Agosti
Leo tumetia maboya. Wanaume sita kwenye boti na mimi. Ramani niliishika juu chini, hakuna aliyecheka — afadhali wangecheka. Mkutanoni tulikubaliana mpaka ni Jiwe la Popo: kutoka hapo kwenda kilindini kumefungwa, huku pwani wanawake waendelee kuchokoa pweza kwa miguu. Lakini leo ni maji mafu, hayakupwa vya kutosha, jiwe limefunikwa. Katibu wetu, Mzee Abilahi, akakisia. Boya likatupwa. Nilihisi tumesogea mno pwani. Njia ile naitembea tangu utotoni! Nikafungua mdomo, nikaufunga. Labda kwenye boti macho yanadanganya. Nikatia sahihi kwenye ramani.

Jumatano, 21 Agosti
Bamvua, maji yamekupwa kabisa. Mwamba umekauka, Jiwe la Popo liko wazi — na boya liko huku pwani, hatua kama mia mbili kabla ya jiwe!
Doria wamekamata mtu kati ya boya na jiwe, ana pweza wawili. Shangazi Mwahija. Yeye kafuata jiwe, kama tulivyokubaliana. Wao wanafuata boya. Adhabu yake ni kutokanyaga mwambani mwaka mzima. Ataishije?

Alhamisi, 22 Agosti
Nimekwenda kwa Mzee Abilahi. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Kanisikiliza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Anasema boya likihamishwa sasa, watu watasema mwenyekiti kahamisha mpaka kwa ajili ya shangazi yake. Kweli tupu! Lisipohamishwa, nimemwadhibu asiye na kosa. Kwa nini sikusema siku ile? Nina hasira, na sina wa kumkasirikia ila mimi.
Alasiri shangazi kaja mwenyewe.
"Nusaiba mwanangu, kesho mkutanoni n'tasema nimekosa, yaishe. Mwaka utapita. Ukitoka wewe kwenye kile kiti, mwanamke mwingine hawampi."
Nilimkatalia. Hapana, muongo mimi. Nilinyamaza.

Ijumaa, 23 Agosti, baada ya swala
Naandika hapa hapa mkutanoni, wanadhani ni ajenda. Watu wamejaa mpaka nje. Ramani iko mapajani, sahihi yangu inanitazama. Nimeandika: kosa ni langu, boya lilikaa vibaya na mimi nilijua. Nimefuta. Nimeandika tena. Je, hii ni haki au ni kumtetea ndugu? Yote mawili? Kichwa hakishiki.
Mzee Abilahi kafungua kikao, kasema mwenyekiti atoe neno. Kabla sijainuka, shangazi kanyoosha mkono — anaomba aanze yeye.
Wote wamenigeukia. Ni mimi wa kusema nani aanze.